Bibi Shamba Anajibu: Kupeana Miche na Vipandikizi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni miche, pingili na matawi ambayo majirani hupeana bila kulipana. Nimechagua saba, na majibu yangu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Shikamoo Bibi Shamba. Hapa Morogoro tuna kikundi cha wakazi wa mtaa mmoja, na kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu kubadilishana miche na matawi ya maua. Karibu kila ninachopewa hufa. Bogenvilia zangu zilitoa majani mazuri ndani ya majuma mawili, nikafurahi, kisha zikanyauka zote ingawa nilizimwagilia kila siku. Mwenzangu aliyechukua matawi ya mti uleule zake zimeshika. Wengine wananiambia kwamba sina mkono wa kupanda. Kosa liko wapi?
*Mpenda Maua, Morogoro*

Marahaba. Mkono wako hauna tatizo. Ulichokosa ni kujua kwamba tawi linaweza kutoa majani bila kuwa na mzizi hata mmoja. Tawi lililokomaa huwa na akiba ya chakula ndani yake, na macho yake hufumbuka kwa kuitumia akiba hiyo kabla upande wa chini haujaanza kazi yoyote. Majani hayo mapya huanza kupoteza maji hewani, na kwa kuwa hakuna mizizi ya kuyarudisha kutoka udongoni, tawi hukauka likiwa limesimama ndani ya udongo uliolowa chepechepe. Mtu akiona mnyauko huo huongeza maji, na maji hayo huozesha sehemu ya chini ambayo ndiyo iliyotarajiwa kutoa mizizi. Bogenvilia huchukua majuma sita hadi kumi na mawili kushika vizuri, kwa hiyo jani la juma la pili lisikufurahishe wala lisikufanye uuhamishe mche au kuupeleka juani.

Tuanze na tawi lenyewe. Chagua tawi gumu la kahawia lenye unene wa penseli, lisilo na maua wakati huo, ulikate kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20 likiwa na macho yasiyopungua manne. Mkato wa chini upite chini kidogo ya jicho na uwe wa mshazari, na mkato wa juu uwe ulionyooka. Mikato hiyo miwili ina faida zaidi ya moja, kwa maana anayepokea tawi lisilo na majani mara nyingi hawezi kujua upande upi ulikuwa juu, na tawi lililopandwa kichwa chini halishiki. Kikundi chenu kikikubaliana kwamba kila tawi linaloletwa litakatwa hivyo, mtaokoa mengi. Ondoa majani yote isipokuwa mawili madogo ya juu, nayo unaweza kuyapunguza nusu.

Nashuku kwamba matawi yako huanza kufa mkutanoni. Mikutano ya namna hii huwa na chai na maandazi na mazungumzo marefu, na muda huo wote matawi huwa yamelala juani ndani ya karai. Yafungeni kwa gazeti au kitambaa kilicholoweshwa mara tu yanapokatwa, yakae kivulini, na mtu asiyaache ndani ya gari lililofungwa. Jina la mmea, mahali ulipotoka na tarehe ya kukatwa viandikwe kwenye kipande cha karatasi na kufungwa pamoja nalo. Nitaeleza sababu yake katika barua ya Kibaha.

Nyumbani, changanya mchanga wa mtoni na mboji iliyooza vizuri, kwa kiasi sawa, ujaze kiriba au kopo lililotobolewa chini, na ulizamishe tawi hadi nusu yake. Mwagilia mara moja kwa wingi, kisha subiri udongo wa juu uanze kukauka ndipo umwagilie tena. Weka kwenye kivuli kinachopitisha mwanga. Ukitaka, lifunike kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kuondolewa kizibo, kwa sababu hewa yenye unyevu ndani yake hupunguza upotevu wa maji ambao ndio uliokuulia matawi ya kwanza. Usilivute tawi kutazama kama lina mizizi. Mizizi ikitokeza kwenye matundu ya kiriba ndipo uanze kulizoesha jua, kidogo kidogo.

Si kila mmea hutaka hayo yote. Mrehani na mnanaa hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji kwa siku chache. Mchaichai hupasuliwa shina kwa shina pamoja na mizizi yake. Mlonge hupandwa kwa tawi nene la urefu wa mita moja hivi, moja kwa moja ardhini, mvua zinapoanza. Shubiri na mimea mingine yenye utomvu mwingi huachwa siku kadhaa kivulini hadi kidonda kikauke, la sivyo huoza. Mwenye kukata mnyaa ajihadhari na maziwa yake, kwa kuwa yakiingia machoni huleta madhara makubwa. Asilete matawi ya mnyaa mahali penye watoto bila kuwaonya wazazi wao.

Jirani alinipa chipukizi lililoota pembeni ya shina la mwaridi wake wenye maua makubwa mekundu. Wangu umekua kwa kasi, lakini umetoa maua madogo meupe. Nimuulize kama alinidanganya?
*Msomaji, Iringa*

Usimuulize hivyo. Waridi nyingi zinazouzwa kwenye vitalu zimebebeshwa, yaani tawi la waridi zuri limeunganishwa juu ya shina la waridi la porini lenye mizizi imara, na chipukizi ulilopewa lilitoka chini ya kiungo hicho. Umepata mmea wa chini. Mwombe tawi kutoka juu ya kiungo, na umshauri aondoe kila chipukizi linaloota chini yake, kwa sababu akiyaacha yatauzidi nguvu ule mwaridi mwekundu. Jambo hilohilo hutokea kwa miembe na michungwa iliyobebeshwa.

Bibi Shamba, jirani alinipa pingili za muhogo alizozileta kutoka kwao Mtwara. Zilistawi vizuri sana, mashina marefu na majani mengi. Nilipong'oa mwezi uliopita, mihogo mingi ilikuwa na madoa makavu ya kahawia ndani, na mingine imeoza. Majirani wanne wanasubiri pingili kutoka kwangu. Kwa kuwa mashina yanaonekana mazima, naweza kuwapa?
*Mkulima wa Uani, Kibaha*

Usiwape hata moja. Unayoyaeleza yanalingana na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa kitaalamu katika miaka ya 1930 kutokana na kazi iliyofanyika Amani, mkoani Tanga, na ambao hadi leo ni miongoni mwa maadui wakubwa wa muhogo katika ukanda wa pwani. Ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa, na huenezwa kwa njia mbili: nzi weupe, na mkono wa binadamu anayempelekea mwenzake pingili. Nzi mweupe huupeleka shamba la karibu. Anayeupeleka mkoa mwingine ni msafiri mwenye furushi la pingili, tena kwa nia njema kabisa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba shina linaweza kuonekana zima huku muhogo umeharibika chini. Wenzio wamezoea kutazama batobato, ambayo hujitangaza kwa majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani, na mkulima yeyote huiona akiwa barabarani. Michirizi ya kahawia hutaka macho makali zaidi. Kagua majani ya chini yaliyokomaa, ambako umanjano hufuata mishipa ya jani huku jani lenyewe likibaki na umbo lake la kawaida, kisha tazama sehemu ya kijani ya shina kama ina michirizi ya kahawia. Hata ukikosa dalili hizo, bado huna hakika. Zipo aina zinazovumilia, kama Kiroba inayopendwa Mkoa wa Pwani, ambazo mkulima huvuna mihogo inayofaa ilhali virusi vimo ndani. Pingili zake zikienda kwa jirani anayepanda aina dhaifu, hasara humwangukia yeye. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa walaji wangekuwa wanne.

Kwa sababu hiyo ninashauri watu wanaopeana muhogo wapeane siku ya kuvuna, mbele ya mihogo yenyewe. Ng'oa shina, katakata kila muhogo wa shina hilo vipande kadhaa kwa kisu, kwa kuwa doa linaweza kuwa katikati na ncha zote mbili zikawa nyeupe. Shina ambalo mihogo yake yote ni safi ndilo la kufikiriwa, na lenye doa hata moja halitoki shambani. Ukaguzi huo hauondoi hatari yote, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuchukua shina lililoegemezwa ukutani ambalo mihogo yake ilishaliwa. Aliye na mmea usio na ugonjwa akate pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano hadi saba, akitumia sehemu ya katikati ya shina.

Karatasi yenye jina la mahali na tarehe, niliyoitaja kwa msomaji wa Morogoro, ina kazi yake hapa. Shina likiugua mwezi wa nane, utajua nani mwingine alipokea kutoka mmea uleule, na mtamwambia mapema ang'oe. Wewe mwenyewe mweleze jirani yako wa Mtwara kwa upole, kwa kuwa huenda naye hajui. Mashina uliyonayo yakaushe kabisa uyatumie kuni. Usiyatupe jalalani penye unyevu, maana yatachipua. Sehemu nzima za mihogo hiyo zinalika, ukate tu zilizooza. Kwa msimu ujao, muulize afisa ugani wa kata yako kuhusu wazalishaji wa pingili ambao mashamba yao yamekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukinunua mzigo mmoja safi unaweza kuuzidisha na kuwapa hao wanne baada ya msimu mmoja.

Marando ya viazi vitamu nayo hubeba virusi. Chukua ya ncha, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, kutoka mimea ambayo majani yake hayakudumaa wala kujikunja.

Dada yangu anayeishi Kimara, Dar es Salaam, ananiomba nimpelekee machipukizi mawili ya mgomba wa ndizi zetu za kupika. Kondakta wa basi amekubali kuyabeba. Nitayafungaje yasikauke njiani?
*Kaka Mtu, Muleba*

Kabla ya kuyafunga, ninakuomba uache kuyatuma. Mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001 na ukabainika Kagera mwaka 2006, na tangu hapo chipukizi la mgomba si zawadi ndogo tena. Mgomba wenye bakteria hao unaweza kukaa bila dalili yoyote na huku machipukizi yake tayari yameambukizwa. Dalili zikija, majani hunyauka na kuwa ya njano, ua dume husinyaa, ndizi huiva kabla ya wakati wake na bila mpangilio, na ukizikata utaona rangi ya kutu ndani. Shina likikatwa hutoa ute wa njano. Dada yako ana jirani mwenye migomba, na jirani huyo hakuomba chochote kutoka Muleba.

Mwambie atafute miche iliyozalishwa maabara kwa njia ya chupa, ambayo hutoka kwenye seli safi na haina udongo, wala wadudu, wala bakteria. Kituo cha Maruku cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, karibu na kwenu Bukoba, kinashughulika na migomba kwa muda mrefu, na wataalamu wake wataweza kukuelekeza aina unayoitaka inapatikana wapi.

Ndani ya kijiji kimoja, ambako ugonjwa haujaonekana, kupeana machipukizi hakukwepeki na sikukatazi. Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, kwa kuwa lile fupi lenye majani mapana huwa dhaifu. Lichonge tunguu lake kwenye shamba lilikotoka, si kwenye shamba linakokwenda, uondoe mizizi yote na kila sehemu yenye mashimo ya fukusi hadi libaki jeupe, kisha ulitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Joto hilo huua minyoo na mayai ya fukusi yaliyobaki juu juu bila kuliua chipukizi. Haliponyi mnyauko, na ninalisisitiza hilo kwa sababu nimesikia wakulima wakilitegemea kwa kazi hiyo. Panga au kisu kipitishwe motoni au kwenye jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, bila kugusa chuma, mara tu chana la mwisho linapokamilika.

Nina mwasumini uliopandwa na marehemu mama yangu. Majirani huja kuchuma maua ya kutungia vikuba, na hilo silikatai. Lakini sasa wanakata matawi kwenda kupanda kwao, na mti unazidi kuisha. Nawanyimaje bila kuonekana mchoyo?
*Binti wa Ngamiani, Tanga*

Usiwanyime, ila wasikate wenyewe. Mwasumini hukubali upesi kulazwa tawi: chukua tawi refu la chini, likwaruze gamba kidogo chini ya kifundo kimoja, uliinamishe hadi sehemu hiyo iingie kwenye udongo uliolainishwa, weka jiwe juu yake, na ncha ya tawi ibaki nje ikitazama juu. Tawi linaendelea kunyonyeshwa na mama yake hadi litoe mizizi yake lenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi michache, ndipo unapolikata na kulihamishia kwenye kopo. Laza matawi mawili au matatu wakati wa masika. Anayekuja kuomba umwambie kuwa wake unaandaliwa na utamwita ukiwa tayari, maneno ambayo hayamuudhi jirani hata kidogo. Na kwa kuwa mti huo ni kumbukumbu ya mzazi, mche wa kwanza mpe ndugu au jirani anayejulikana kwa kutunza, ili wako ukipatwa na jambo uwe na pa kuomba.

Niliporudi kutoka kubadilishana miche na marafiki hapa Arusha, ndani ya kopo moja pameota mmea wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Mwingine alinipa mmea mzuri wa kuelea majini, wenye maua ya zambarau, kwa ajili ya kidimbwi changu. Niendelee nayo?
*Msomaji, Arusha*

Hapana, kwa yote mawili. Wa kwanza unafanana sana na gugu karoti, ambalo asili yake ni bara la Amerika. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, huwawasha ngozi watu wengi wanaoushika, na ukila malisho hauachi nyasi. Vaa glavu, ung'oe kabla maua hayajakomaa, uuchome, na udongo wa kopo lile usiumwage bustanini. Wa pili kwa maelezo yako ni gugumaji, lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga njia za wavuvi wa Kisumu na Mwanza. Kabla ya hapo lilikuwa limezungushwa duniani na watu waliolipenda kwa maua yake, kama wewe ulivyolipenda. Litoe majini, ulikaushe juani, na lisifike kwenye mfereji.

Bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilikusanya miti ya nchi nyingi kwa nia ya majaribio, na baadhi yake ilitoroka: Maesopsis eminii, mti unaokua kwa haraka, na kichaka kiitwacho Clidemia hirta vimesambaa katika misitu ya Usambara Mashariki. Kule Laikipia, nchini Kenya, mipungate iliyopandwa kama ua na pambo imeharibu malisho ya wafugaji. Mmea ambao mtu anakugawia kwa ndoo nzima, tena akikusihi uchukue zaidi, muulize kwanza kwake umeenea kiasi gani. Miche inayogawiwa katika kikundi chenu ikung'utwe udongo, au mpeane vipandikizi visivyo na mizizi, na mbegu za magugu zitabaki kwa mwenyewe.

Shangazi yangu wa Tanga ana mlangilangi ninaoutamani. Nikienda kumtembelea, naweza kurudi Mombasa na mche wake kupitia Horohoro?
*Msomaji, Mombasa*

Si kwa kuutia mkobani. Mche unaovuka mpaka unatakiwa uwe na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya serikali ya Kenya inayokagua afya ya mimea, ambacho unakiomba Kenya kabla ya kusafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka ya Tanzania, TPHPA, baada ya mkaguzi kuutazama. Mbegu nazo zinahitaji utaratibu huo. Kwa mche mmoja wa pambo, gharama na usumbufu havilingani na faida, hasa kwa kuwa milangilangi ipo pwani ya Kenya pia. Ulizia katika mitaa ya zamani ya Mombasa, kwa akina mama wanaotunga na kuuza maua ya arusi, kwa sababu wao wanajua ni nyumba ipi yenye mti na mwenyewe hupatikana saa ngapi.